Robert Goddard: Mwasisi wa roketi aliyepigana na uzito maisha yake yote

ALASIRI ya Machi 16, 1926, theluji ikiwa bado imetanda ardhini, watu wanne walisimama katika shamba moja mjini Auburn, jimbo la Massachusetts, Marekani, wakikitazama kidude cha mabomba membamba chenye urefu wa mita tatu hivi. Mmoja wao, fundi wa vyuma, alikiwasha kwa tochi ya moto iliyofungwa kwenye mti mrefu, kisha akakimbia kujificha.

Kwa muda kidude hicho kilinguruma bila kusogea. Mafuta yalipopungua na uzito kushuka, kiliinuka, kikafika mita 12 na ushei, kikapinda na kuanguka katika bustani ya kabichi mita 56 kutoka kilipoanzia. Safari nzima ilichukua sekunde mbili na nusu.

Bi Esther Goddard, mkewe mwanasayansi aliyekiunda chombo hicho, alikuwa ameshika kamera ya sinema ya kutiwa ufunguo iliyoweza kunasa picha kwa sekunde saba tu. Roketi ilichelewa kupaa, na ilipoondoka kamera ilikuwa imekwisha kusimama. Hivyo basi, tukio ambalo wataalamu hulilinganisha na lile la ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, kurusha ndege mwaka wa 1903 halina hata picha moja ya roketi ikiwa hewani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa roketi ya kwanza duniani kupaa kwa mafuta ya majimaji. Mwenyewe, Dkt Robert Hutchings Goddard, alikuwa profesa wa fizikia mwenye umri wa miaka 43. Ndani ya mabomba yale mlikuwa na uamuzi mmoja uliomwezesha kufika hewani siku ile, na ambao alihangaika kuuepuka kwa miaka mingi iliyofuata. Alikuwa ameziacha pampu, akaamua mafuta yasukumwe kwa shinikizo la gesi.

Uamuzi huo ulikuwa na wepesi wake na gharama yake. Gharama hiyo ilimwandama Goddard hadi kaburini, na imewaandama wote waliojaribu baada yake kujenga roketi rahisi, isiyo na mitambo mingi, ya kufika angani kwa mkupuo mmoja.

Ndoto juu ya mti

Goddard alizaliwa Oktoba 5, 1882, mjini Worcester, Massachusetts. Babake, Bw Nahum Goddard, alipenda mashine na uvumbuzi, na alimhimiza kijana wake kudadisi mambo kwa kumnunulia darubini na vitabu vya sayansi. Mamake, Bi Fannie, aliugua kifua kikuu. Robert mwenyewe alikuwa mtoto wa maradhi, akakosa masomo mara kwa mara kiasi kwamba alimaliza shule ya upili mwaka wa 1904 akiwa na umri wa miaka 21.

Oktoba 19, 1899, alipokuwa na miaka 17, alipanda mti wa cheri nyuma ya nyumba yao ili kukata matawi makavu. Alikuwa amesoma hadithi ya mwandishi Mwingereza H.G. Wells kuhusu viumbe wa sayari ya Mars kuivamia dunia. Akiwa juu ya mti huo, alijiuliza ingekuwaje kama binadamu angeweza kuunda chombo cha kumfikisha huko. Aliposhuka, kwa mujibu wa kumbukumbu alizoziacha, alijihisi kuwa mtu mwingine. Kila mwaka aliiadhimisha tarehe hiyo kama watu wanavyoadhimisha siku ya kuzaliwa.

Alisomea fizikia katika Chuo cha Ufundi cha Worcester, akahitimu mwaka wa 1908. Kutoka hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Clark, katika mji uo huo, alikopata shahada ya uzamifu mwaka wa 1911. Mwaka uliofuata alikwenda kufanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Princeton.

Mnamo 1913 ugonjwa wa mamake ulimpata yeye pia. Madaktari walimpa wiki mbili za kuishi. Hata hivyo, kijana huyo alikataa kufa. Akiwa kitandani nyumbani kwao, aliandaa makaratasi ya kusajili uvumbuzi wake, na Julai 1914 serikali ya Marekani ilimpa hataza mbili ambazo hadi leo huhesabiwa kuwa miongoni mwa nguzo za teknolojia ya roketi.

Hataza ya kwanza ilihusu roketi ya vipande kadhaa, ambapo kipande kilichomaliza mafuta hutupwa na kingine kuendelea. Ya pili ilihusu roketi inayochoma mafuta ya majimaji. Ili kuelewa ni kwa nini mawazo hayo mawili yalikwenda pamoja, sharti mtu aitazame hesabu iliyomkabili.

Hesabu isiyo na huruma

Roketi husonga mbele kwa kutupa gesi nyuma. Kasi inayofikia hutegemea mambo mawili tu: kasi ya gesi hiyo, na uwiano wa uzito wa roketi ikiwa imejaa na uzito wake ikiwa tupu. Mwalimu wa shule wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, aliichapisha kanuni hiyo mwaka wa 1903. Goddard, ambaye hakuwa na habari naye, aliifikia kwa njia yake mwenyewe.

Chombo kinachotaka kuizunguka dunia bila kuanguka sharti kifikie kasi ya karibu kilomita 7.8 kwa sekunde. Ukiongeza kinachopotea kwa kupigana na uvutano wa dunia na ukinzani wa hewa, injini hulazimika kufanya kazi ya kilomita tisa na ushei kwa sekunde. Injini nzuri inayochoma mafuta ya taa na oksijeni ya majimaji hutoa gesi kwa kasi ya takriban kilomita 3.3 kwa sekunde.

Ukipiga hesabu kwa tarakimu hizo, jibu ni la kutisha. Katika kila kilo 100 za roketi ya kipande kimoja inayosimama tayari kuruka, kilo 94 hivi sharti ziwe mafuta na oksijeni. Kilo sita zilizobaki ndizo za kugawanywa kati ya matangi, injini, mabomba, vifaa vya kuongozea na mzigo wenyewe. Kinyume chake, roketi ya Auburn ilikuwa na uzito wa kilo tano hivi ikiwa imejaa, na zaidi ya nusu ya uzito huo ilikuwa chuma.

Hapa ndipo suala la shinikizo linapoingia. Mafuta hayawezi kuingia katika chumba cha kuchomea iwapo shinikizo la ndani ya chumba hicho ni kubwa kuliko linaloyasukuma. Kuna njia mbili za kulishinda. Ya kwanza ni pampu zinazonyonya mafuta kutoka matangi membamba na kuyashindilia ndani ya injini. Ya pili ni kulijaza tangi lenyewe gesi yenye shinikizo kubwa, vali ifunguliwe, na mafuta yajipeleke yenyewe.

Njia ya pili ni rahisi mno. Haina magurudumu yanayozunguka kwa kasi ya ajabu, wala vyuma vya kukatika au kuganda kwa baridi ya oksijeni. Lakini kizuri hakikosi ila. Tangi linalobeba shinikizo sharti liwe na kuta nene. Kwa makadirio ya karibu, tangi la chuma bora lenye uwezo wa kuhimili shinikizo mara 25 ya lile la hewa ya kawaida huhitaji kilo 40 za kuta kwa kila tani moja ya mafuta, hata kabla ya kuongeza unene wa tahadhari. Kwa ile roketi ya kilo 100, hiyo ni karibu kilo nne kati ya sita zilizokuwepo.

Isitoshe, gesi ya kusukuma nayo ina uzito wake, na chupa inayoibeba gesi hiyo kabla ya safari hukaribia uzito wa tangi lenyewe. Ukijumlisha, kilo sita zimekwisha kabla injini haijafungwa wala mzigo haujapakiwa.

Huenda mtu akauliza, kwa nini shinikizo lisipunguzwe ili matangi yawe mepesi? Linaweza kupunguzwa, ila mahali pa kuanzia safari ni chini, ambako hewa ya dunia huibana gesi inayotoka. Injini ya shinikizo dogo haiwezi kuitanua gesi hiyo vya kutosha, na kasi yake hupungua. Kasi ikishuka kutoka kilomita 3.3 hadi 2.8 kwa sekunde, mafuta yanayohitajika hupanda kutoka kilo 94 hadi zaidi ya kilo 96 katika kila 100. Kilichookolewa kwenye tangi hupotea kwenye mafuta.

Wala ukubwa si dawa. Tangi likiongezwa upana, kuta zake huhitaji unene zaidi kwa kiasi kile kile, hivyo uwiano wa chuma na mafuta haubadiliki. Mtaka yote, wasema wahenga, hukosa yote.

Hataza ya kwanza ya Goddard ilikuwa njia ya kutokea katika mtego huo. Safari ikigawanywa nusu kwa nusu kati ya vipande viwili, kila kipande huhitaji mafuta ya takriban robo tatu tu ya uzito wake. Robo inayobaki inatosha kubeba hata matangi mazito. Bei yake ni mitambo zaidi, injini zaidi, na hatari ya vipande kukataa kuachana huko juu. Akiwa na miaka 31, mgonjwa na bila senti ya mfadhili, kijana huyo alikuwa tayari ameyaandika majibu mawili makuu. Kazi iliyosalia ilikuwa kuyatenda.

Kejeli ya mwaka wa 1920

Alipopata nafuu alirejea Clark kufundisha. Mnamo 1915 alianza kuzipima roketi za baruti. Aligundua kwamba zile za kawaida zilikuwa zikipoteza karibu nguvu zao zote, akazitengenezea mdomo wa kutolea gesi wenye umbo la kubana kisha kutanuka. Kasi ya gesi ikapanda na kupita mita 2,000 kwa sekunde. Kadhalika, alizifyatua ndani ya mtungi ulioondolewa hewa, akathibitisha kwamba roketi haihitaji hewa ya kuisukuma. Katika ombwe, nguvu yake haikupungua bali iliongezeka.

Taasisi ya Smithsonian ya mjini Washington ilivutiwa, na mwaka wa 1917 ikampa ruzuku ya dola 5,000. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, aliunda roketi ndogo ya kufyatuliwa kutoka bomba linaloshikwa na askari. Aliionyesha kwa jeshi Novemba 1918, siku chache tu kabla ya vita kusitishwa, na mradi huo ukawekwa kando hadi ulipofufuliwa katika vita vilivyofuata kama silaha ya kupiga vifaru.

Ripoti yake kuhusu njia ya kufikia anga za juu ilichapishwa na Smithsonian ikiwa na tarehe ya 1919, ikawafikia wasomaji mapema mwaka wa 1920. Ilikuwa na hesabu tupu. Lakini karibu na mwisho, Goddard alitaja kwamba roketi ya kutosha ingeweza kufika mwezini na kulipua unga wa mwangaza ili ionekane kutoka duniani. Magazeti yaliyaacha yote mengine, yakaushika mwezi.

Januari 13, 1920, gazeti la New York Times lilimkejeli katika safu yake ya maoni. Lilidai kwamba roketi haiwezi kusonga mahali pasipo na hewa, na kwamba profesa huyo alikosa maarifa ambayo hata mwanafunzi wa shule ya upili anayo. Ukweli ni kwamba majaribio ya kulipinga dai hilo yalikuwa ndani ya ripoti yenyewe.

Kejeli hiyo ilimchoma kuliko alivyokubali kuonyesha. Alikuwa mtu wa kimya hata awali. Tangu siku hiyo aliwakwepa waandishi wa habari na kuwaficha wanasayansi wenzake mengi aliyoyajua. Tabia hiyo nayo ilikuja kudai malipo yake.

Pampu zashindwa, gesi yashinda

Mwaka wa 1921 Goddard aliacha baruti na kugeukia petroli na oksijeni ya majimaji, ambayo ni baridi kiasi cha nyuzi 183 chini ya sufuri. Alianza na pampu ndogo za pistoni, kwa kuwa hesabu ilimwambia kuwa pampu ndizo zenye mustakabali. Ziligoma. Kwa roketi ya kimo kile, pampu zilikuwa nzito, zilivuja na kukwama.

Hatimaye aliziweka kando. Desemba 1925, ndani ya maabara ya Clark, injini iliyolishwa kwa shinikizo iliweza kuubeba uzito wake yenyewe. Miezi mitatu baadaye alikuwa Auburn. Katika roketi ile, gesi ya oksijeni kutoka chupa iliyokuwa chini ilisukuma mafuta hadi wakati wa kuondoka. Baada ya hapo kijiko cha moto wa spiriti kiliipasha joto oksijeni ya majimaji, na mvuke wake ukaendeleza kazi.

Hakukuwa na njia rahisi zaidi ya hiyo. Ndiyo maana ilifaulu.

Julai 17, 1929, roketi kubwa zaidi, iliyobeba kipimo cha hewa, kipimajoto na kamera ndogo, ilipaa kwa kishindo kilichowafanya majirani kudhani ndege imeanguka. Polisi na magari ya wagonjwa walifika mbio. Magazeti yaliandika kwa mzaha kwamba roketi ya mwezini ilikuwa imekosa shabaha kwa maili zaidi ya 200,000. Mkuu wa zimamoto wa jimbo alimpiga marufuku kurusha roketi Massachusetts, akalazimika kuhamia ardhi ya kijeshi.

Hata hivyo, kelele hizo zilimletea heri. Bw Charles Lindbergh, rubani aliyeivuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka wa 1927, alisoma habari zake, akamtembelea Novemba 1929. Lindbergh ndiye aliyemshawishi tajiri Daniel Guggenheim kutoa dola 100,000 kwa kazi ya miaka minne. Mwaka wa 1930 Goddard, mkewe na mafundi wachache walihamia Roswell, New Mexico, nyika ya ukame ambako hakukuwa na jirani wa kuogofya.

Miaka ya Roswell

Desemba 30, 1930, roketi ya kwanza ya Roswell ilifika takriban mita 600 kwa kasi ya karibu kilomita 800 kwa saa. Ililishwa kwa shinikizo la gesi ya nitrojeni. Ukosefu wa pesa ulimrudisha Clark kati ya 1932 na 1934, kisha akarejea.

Machi 1935 roketi yake iliyoongozwa kwa jairoskopu ilipanda hadi karibu mita 1,460 na kusafiri karibu kilomita nne. Vibao vilivyosogezwa ndani ya moto wa injini ndivyo vilivyoinyoosha, mbinu ambayo ilikuja kuonekana katika roketi kubwa za mataifa mengine. Machi 26, 1937, roketi nyingine ilifikia kati ya mita 2,400 na 2,700. Hakuna nyingine yake iliyopita hapo.

Kizuizi kilikuwa kile kile. Kila alipotaka kwenda juu zaidi alihitaji shinikizo zaidi, na kila shinikizo lilipoongezeka matangi yalizidi uzito. Mwaka wa 1937 na 1938 alijaribu kuhadaa hesabu hiyo kwa kutengeneza matangi ya bati jembamba na kuyazungushia nyuzi za chuma zinazotumiwa katika piano, ili nyuzi zibebe nguvu na bati lizuie tu uvujaji. Lilikuwa wazo la fundi hodari, na lilipunguza uzito. Lakini halikuuondoa mtego wenyewe.

Ndipo alipozirudia pampu alizoziacha miaka zaidi ya kumi nyuma. Safari hii zilikuwa pampu ndogo za kuzunguka, zikiendeshwa na gurudumu la mapanga linalosukumwa na gesi. Aliziunda, akazivunja, akaziunda upya. Agosti 9, 1940, roketi yake ya urefu wa mita 6.7 ilipaa kwa mara ya kwanza kwa nguvu za pampu. Ilifika mita 90 hivi, ikaanguka.

Kwa asiyejua, mita 90 baada ya 2,700 ni kurudi nyuma. Kwa anayejua hesabu, huo ulikuwa mlango wa angani. Kwa bahati mbaya, mlango huo ulifunguka wakati umri, mapafu na fedha vilikuwa vikimwishia. Oktoba 1941 alijaribu kurusha roketi kwa mara ya mwisho.

Je, angefika mbali zaidi kama asingefanya kazi peke yake? Mnamo 1936 Frank Malina, mtafiti kijana kutoka Taasisi ya Teknolojia ya California, alifunga safari hadi Roswell. Goddard alimkaribisha kwa adabu, akamwonyesha machache. Kundi la Malina liliendelea bila yeye na kuzaa mojawapo ya maabara kuu za anga za Marekani. Huko Ujerumani, mamia ya wahandisi waligawana kazi ambayo Goddard aliifanya na mafundi wanne au watano.

Kuona kazi yake katika mikono ya wengine

Mei 1940 aliwaeleza maafisa wa jeshi mjini Washington kwamba roketi ya masafa marefu inawezekana. Hawakuonyesha hamu. Miaka ya vita aliimalizia Annapolis, Maryland, akiliundia jeshi la majini roketi za kusaidia ndege nzito kupaa.

Oktoba 3, 1942, Wajerumani walirusha roketi yao ya V-2 ikapita kilomita 80 juu. Ilikuwa na urefu wa mita 14, uzito wa zaidi ya tani 12, na ndani yake mlikuwa na pampu kubwa zilizosukumwa kwa mvuke. Ilijengwa na wafungwa wa kambi za Wanazi ambao maelfu yao waliangamia, na iliua maelfu ya raia London na Antwerp.

Mwaka wa 1945 Goddard alionyeshwa mabaki ya V-2 iliyotekwa. Humo aliona pampu, jairoskopu na vibao ndani ya moto, mambo aliyoyajaribu nyikani. Aliamini kwamba wameiba kazi yake. Watafiti wengi wa historia wamebaini kwamba Wajerumani walifika huko zaidi kwa juhudi zao, kwa sababu hesabu ni ile ile popote ilipopigwa, na majibu yake ni machache.

Goddard alifariki Agosti 10, 1945, mjini Baltimore kutokana na saratani ya koo. Alizikwa Worcester. Mjane wake, Bi Esther, ambaye alikuwa mpiga picha wake, karani wake na mzima-moto wake, alitumia miaka mingi kupanga karatasi alizoacha. Kati ya hataza 214 zinazobeba jina la Goddard, 131 zilitolewa baada ya kifo chake. Mwaka wa 1960 serikali ya Marekani ililipa dola milioni moja kwa kuzitumia. Julai 17, 1969, siku moja baada ya chombo cha Apollo 11 kuondoka kuelekea mwezini, New York Times lilichapisha masahihisho ya maoni yake ya 1920.

Mtego ungalipo

Baada ya Goddard wamekuwapo wengi walioamini kwamba urahisi wa shinikizo unaweza kushinda. Mmoja wao alikuja Afrika. Kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG, chini ya mhandisi Lutz Kayser, ilipewa eneo kubwa katika mkoa wa Shaba, nchini Zaire, na kufanya majaribio yake hapo mwaka wa 1977 na 1978. Roketi zake zilikuwa mabomba ya bei nafuu yaliyojazwa mafuta na hewa iliyoshindiliwa, bila pampu hata moja.

Kayser aliijua hesabu. Hakudai kufika angani kwa kipande kimoja, bali alikusudia kufunga mabomba mengi pamoja kama mzigo wa kuni na kuyaangusha kwa makundi. Roketi ndogo za majaribio zilipaa, lakini moja ilishindwa mwaka wa 1978 mbele ya Rais Mobutu Sese Seko. Mwaka wa 1979, mataifa makubwa yakiwa yameingiwa na hofu ya silaha, kampuni hiyo iliondoka Zaire. Haikuwahi kufikisha chombo katika mzingo wa dunia.

Hadi leo, hakuna roketi ya kipande kimoja iliyowahi kutoka ardhini na kuingia katika mzingo huo, iwe na pampu au isiwe nazo.

Hata hivyo, itakuwa makosa kusema kwamba njia ya Auburn ilikuwa bure. Vyombo vya Apollo vilipotua mwezini na kuondoka huko, injini zao hazikuwa na pampu. Zililishwa kwa shinikizo la gesi ya heliamu. Safari ya kutoka mwezini ni fupi, uvutano wake ni mdogo, wala hakuna hewa ya kuibana gesi. Pale, uzito kidogo wa ziada ulikuwa bei nafuu ya kulipia uhakika kwamba injini itawaka bila kukosa, kwani hapakuwa na fundi wa kuitengeneza.

Jina la Goddard limefika pia katika pwani ya Kenya. Kituo cha anga kilichoanzishwa Mei 1, 1959, huko Maryland na kupewa jina lake ndicho kilichosimamia setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei iliyorushwa Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru.

Roketi iliyoipandisha, aina ya Scout, haikuwa na pampu wala matangi ya shinikizo. Ilichoma mafuta magumu, jamaa ya ile baruti aliyoiacha Goddard mwaka wa 1921. Na ilikuwa na vipande vinne, kila kimoja kikiachwa kilipomaliza kazi, sawasawa na alivyoandika mgonjwa wa kifua kikuu kitandani kwake Worcester kabla ya Julai 1914.